Neno moja kwenye fstab

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nafungua steshenari, mwalimu wa shule ya jirani keshakaa kwenye benchi, flashi mkononi. Mtihani wa darasa la sita, nakala 80, unaanza saa tatu.

Nikawasha kompyuta yangu ya Linux. Skrini nyeusi, mstari mmoja tu unasema inasubiri diski, na sekunde zinahesabika pembeni hadi 90. Zilipoisha ikanitangazia kwa Kiingereza kwamba niko kwenye hali ya dharura, niandike neno la siri la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

"Vipi mwanangu, umeme?"

"Hapana mwalimu, leo inawaka taratibu." Uongo mtupu.

Kosa nililifanya Jumamosi. Nilikuwa na diski mpya ya nje, nikachoka kuifungua kwa mkono kila siku. Nikachukua UUID yake, namba ya utambulisho wa diski, kwa `sudo blkid`, nikaingia `sudo nano /etc/fstab`, faili linaloiambia kompyuta ifungue diski zipi inapowaka, na kuongeza mstari wa mwisho, hapa nimeukata namba:

`UUID=9c1e… /mnt/kazi ext4 defaults 0 2`

Nikajaribu `sudo mount -a`, amri ya kufungua diski zote za kwenye faili hilo. Kimya, na kwenye Linux kimya ni habari njema. Ila diski muda huo ilikuwa imechomekwa, kwa hiyo ingekataa nini? Jumapili jioni mdogo wangu akaichomoa aende nayo kwa rafiki yake kujaza muvi. Akarudi analalamika TV haiisomi. Ext4 ile ni mpangilio wa Linux, TV nyingi haziusomi!

Debian yangu, ndiyo aina ya Linux ninayotumia, ilihesabu diski ile ni ya lazima, kwa kuwa sikuandika `nofail`, neno la kuiambia iendelee kuwaka hata diski isipokuwepo. Isipoonekana, safari inaishia hapo.

Neno la siri la root liko nyuma ya daftari la madeni. Nikaliandika mara mbili, maana herufi hazionekani na mikono inatetemeka. `nano /etc/fstab`, `defaults` ikawa `defaults,nofail`. Mkato bila nafasi; ukiacha nafasi, mfumo unadhani umehamia safu nyingine. Ctrl+O, Enter, Ctrl+X, `reboot`. Ikawaka. Saa tatu kasorobo mwalimu alikuwa anahesabu karatasi zake.

Siku hizi kabla sijagusa fstab naanza na nakala, `sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani`, na nikishaihariri nachomoa diski kabisa na kuwasha upya nione.

Lakini `nofail` nayo ina vituko vyake. Asubuhi ile ile, diski bado iko nyumbani, nilihifadhi barua ya mteja kwenye `/mnt/kazi` kama kawaida. Jumanne diski ikarudi, barua haipo. Nikamwambia mama wa watu huenda hakuileta. Jioni nikaiondoa diski kwenye folda kwa `sudo umount /mnt/kazi`, nikafungua folda: barua hiyo hapo, ilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe, imefunikwa na diski ya nje siku nzima. Nikampigia simu kumwomba radhi.