Udongo Wangu wa London

Nikituma karo Kisumu, kwenye simu napokea baraka. Nikisema nimelipia darasa la ufinyanzi, kunakuwa kimya, halafu shangazi anauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, hiyo ni ya nini?" Najua siko peke yangu. Sisi tuliotoka mitaa ya Kisumu kama Kondele, Manyatta na Nyalenda tukaja kutafuta huku Uingereza baada ya ndoa kuvunjika, tunaeleweka tukiwa watu wa kutuma. Pesa tunayotumia kwa ajili ya nafsi zetu inahesabiwa ni wizi.

Kuhusu ndoa yenyewe sitasema mengi. Nina binti, na sitaki amdharau baba yake kwa maneno yangu. Nyumba ndiyo nitaitaja, maana hapo wengi wetu huumia. Tulijenga Siaya, kwenye boma la wakwe, kwa mshahara wangu na wake. Nilipotoka nilibeba vyeti vyangu vya uuguzi, nguo na mtoto. Nyumba iliyo kwenye ardhi ya ukoo haibebeki. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua hata malezi na kazi za nyumbani kuwa mchango, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Dada zangu, tunzeni risiti za simiti.

Nilikuja kwa njia ya uuguzi, baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wao wa wauguzi Julai 2021. Watu wanadhani ukipata viza umefika. Bado kuna mtihani wa vitendo wenye vituo 10, na mpaka uupite unalipwa daraja la chini. Mtu aliyekuwa akisimamia wodi Kisumu anaanza tena kuonyeshwa namna ya kunawa mikono. Mimi kazi ile iliniokoa, nasema hivyo kwa moyo wote. Naingia usiku, napokea ripoti, najua nani wa kugeuzwa kitandani, nani wa kupimwa sukari, nani anaogopa giza. Hakuna anayeniuliza bwana yuko wapi.

Ila shifti inaisha. Unarudi kwenye chumba cha kupanga, unafunga mapazia, unalala mchana. Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo unaamka ni usiku tena. Siku za mapumziko zilikuwa zinapita bila mimi kusema neno na mtu yeyote, isipokuwa wa kwenye simu.

Jumba la makumbusho la British Museum halina kiingilio, ndiyo maana niliingia. Kwenye vyumba vya Afrika, chini kabisa, nilikuta kazi ya Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi 1950, akaja Uingereza 1971 kusomea sanaa ya matangazo, akahamia kwenye udongo. Hatumii gurudumu la kufinyangia. Anajenga chombo kwa mkono, anakisugua hadi king'ae, kisha moto unafanya yake: wenye hewa ya kutosha unakitoa chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa, ulionyimwa hewa unakitoa cheusi. Nilikaa pale mpaka miguu ikauma, kwa sababu mikono ile niliijua. Mama mkwe wangu ni mfinyanzi.

Kwetu Wajaluo, mara nyingi mwanamke hufundishwa ufinyanzi akishaolewa, na mama wa mume, kwenye boma la mume. Nikiwa likizo nilikuwa nakaa naye chini ya mti, nachota maji, naangalia. Hakuna aliyeniambia kwamba ndoa ikivunjika ujuzi huo nao niurudishe.

Darasa langu liko kwenye chuo cha watu wazima. Mwalimu alinionyesha gurudumu. Nikamwomba nijenge kwa mkono. Unachukua donge, unalibingirisha mezani kwa viganja mpaka liwe kamba ya unene wa kidole gumba. Unaizungusha juu ya kitako, unabana kwa ndani, unalainisha kwa nje. Kisha unangoja. Ukiongeza kamba nyingine kabla ya ile ya chini kukaza, ukuta unabonyea wote. Baada ya usiku wa kukimbizana na kengele za wagonjwa, kungoja udongo ukaze kulinifundisha kupumua upya. Pale mezani ndipo nilipopata pia marafiki wa kwanza London, fundi bomba mmoja mstaafu na mama mmoja kutoka Jamaika, watu wanaogundua nisipofika.

Vyungu vyangu vilikuwa vinapasuka shingoni. Nikampigia mama mkwe, ingawa jamaa zangu walisema hayanihusu tena ya kule. Alinisikiliza, akauliza ninakaushia wapi. Nikamwambia karibu na hita. "Mwanangu, unakianika upande mmoja! Kifunike, kikauke polepole, shingo isitangulie tumbo." Sasa navifunika kwa plastiki, na vinatoka tanurini vizima.

Vichache nimeviuza, lakini sitaki kuutetea udongo mbele ya shangazi kwa hoja ya faida. Karo ya binti inalipwa kwanza, kisha kodi, kisha darasa. Wewe muuguzi wa Kisumu unayepanga safari ukiwa na talaka mkononi, panga hivyo tangu mshahara wa kwanza, kabla hujajaza kila siku ya mapumziko na shifti za ziada. Na wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi, mkimbie. Kanuni za Uingereza haziruhusu muuguzi atozwe hiyo.

Likizo ijayo nataka kuona mahali mama mkwe anapochimba udongo. Shemeji mmoja amekataa, anasema mwanamke aliyeachika hana shughuli bomani. Mama mkwe amemjibu kwamba ng'ombe wa mahari hawajarudishwa, kwa hiyo mimi bado ni mkwe wake. Hata hivyo tumekubaliana tusizue ugomvi: atapanda matatu na gunia lake la udongo hadi Kisumu, tukutane kwa mama yangu, na binti yangu atakaa nasi ajifunze.