Siku Moja Maishani Mwangu: Kati ya Rais wa Marekani na Mawaziri Wake

Ofisi yetu ina kazi ambayo hata wanaofuatilia siasa za Washington kila siku hawaijui vizuri: kuhakikisha kwamba Rais wa Marekani na wizara zake 15 wanasikilizana. Bosi wangu ni Katibu wa Baraza la Mawaziri, cheo kilichoanza enzi za Rais Eisenhower, ambapo Maxwell Rabb ndiye aliyekuwa wa kwanza kukishika. Katibu huyu si waziri, hathibitishwi na Seneti, wala hana wizara iliyo chini ya amri yake. Mimi ni mmoja wa wasaidizi wake waandamizi, na siku ninayoisimulia hapa ilikuwa Jumatano ya kawaida tu.

Kufikia saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimekwisha kufungua taarifa za usiku. Kimbunga kilikuwa kinasogelea pwani ya kusini, na jambo la kwanza lilikuwa kujua kama gavana wa jimbo ameomba msaada, kwa kuwa chini ya Sheria ya Stafford ya mwaka 1988 ombi la gavana ndilo ambalo kwa kawaida humfungulia Rais njia ya kutangaza maafa makubwa. Nilizungumza na FEMA, shirika la kukabiliana na maafa lililo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, kisha na Wizara ya Nishati kuhusu njia za umeme, na Wizara ya Afya kuhusu hospitali zinazotegemea jenereta. Kila wizara ilikuwa na kipande chake cha habari, na kila moja iliamini kwamba kipande hicho ndicho kikubwa kuliko vyote. Kazi yangu ilikuwa kuvikusanya katika ukurasa mmoja ambao Rais angeweza kuusoma kabla ya kikao chake cha kwanza, huku mahitaji yakitenganishwa waziwazi na makisio.

Saa mbili asubuhi palikuwa na kikao cha mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, kifupi kama kawaida yake. Nilitoa taarifa ya kimbunga, nikaorodhesha mawaziri watakaosafiri na watakaoitwa mbele ya kamati za Bunge, nikatoka.

Kuanzia saa tatu hadi karibu adhuhuri nilikuwa juu ya dokezo moja. Lilihusu rasimu ya amri ya Rais ya kuharakisha vibali vya kujenga njia kubwa za umeme kupita katika ardhi ya umma. Wizara ya Nishati iliitaka itoke haraka. Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo Marekani ndiyo inayosimamia sehemu kubwa ya ardhi ya umma pamoja na mbuga za taifa, ilipinga muda uliopendekezwa, ikieleza kwamba maofisa wake wa mikoani wasingeweza kukagua njia hizo na kushauriana na jamii za wenyeji asilia katika kipindi kifupi namna hiyo. Katika dokezo lililonifikia, hoja yote hiyo ilikuwa imefinywa ikawa sentensi moja: kwamba wizara moja ina wasiwasi kuhusu ratiba.

Sikuipitisha. Ibara ya Pili ya Katiba inampa Rais haki ya kudai maoni ya maandishi kutoka kwa mkuu wa kila wizara, na naichukulia haki hiyo kwa uzito wote, kwa sababu waziri anayepinga jambo hupinga akiwa na sababu, na sababu hizo ndizo Rais anazozihitaji anapoamua. Niliirudisha hoja ya waziri kwa maneno yake mwenyewe, aya tatu kamili, mara tu baada ya hoja ya Nishati na kwa urefu ule ule. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba dokezo limekuwa refu. Limekuwa refu kweli, lakini mwishoni, pale Rais anapoweka alama ya kuridhia, kukataa au kutaka majadiliano, asingekuwa anatia alama juu ya jambo asilolijua.

Rasimu yenyewe ilikuwa imekwisha kupita Ofisi ya Usimamizi na Bajeti na kwa Mwanasheria Mkuu, kwa utaratibu uliowekwa na Rais Kennedy mwaka 1962 na ambao, pamoja na marekebisho yake, bado unatumika.

Saa nane mchana lilikutana Baraza la Mawaziri. Meza ya mviringo mrefu iliyomo chumbani humo ilitolewa na Rais Nixon mwaka 1970, na viti hupangwa kwa ukongwe wa wizara: Mambo ya Nje kuliani kwa Rais, Ulinzi kushotoni, Makamu wa Rais akimkabili, na Usalama wa Ndani, wizara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, mbali zaidi. Baraza halipigi kura inayomfunga Rais, kwa hiyo kinachobaki baada ya kikao ni maagizo. Inasemekana Rabb alikuwa akiwakusanya wasaidizi wa mawaziri baada ya vikao ili kila mmoja ajue nani anapaswa kufanya nini, nasi tulifanya vivyo hivyo kwa simu kabla ya saa kumi. Msaidizi mmoja alikuwa amenitumia majibu kwenye simu yangu binafsi. Niliyahamishia papo hapo kwenye akaunti ya serikali, kwa kuwa sheria ya kumbukumbu za urais inatupa siku 20 tu, na kumbukumbu hizo ni mali ya umma.

Dokezo lilirudi saa kumi na mbili jioni. Rais alikuwa ameridhia amri, na pembeni aliandika kwa mkono kwamba muda wa ukaguzi uongezwe, ingawa si kwa kiasi ambacho Waziri wa Mambo ya Ndani aliomba. Bosi wangu alimpigia waziri huyo mwenyewe, nami nikiwa kwenye laini nikiandika. Kwangu hii ndiyo saa yenye uzito kuliko zote, kwa sababu waziri aliyeshindwa katika hoja ndiye atakayeitekeleza amri kuanzia kesho yake, na hastahili kuupata uamuzi huo kupitia televisheni.

“Mheshimiwa Waziri, Rais amesoma aya zako zote,” bosi alimwambia, kisha akamsomea maandishi ya pembeni neno kwa neno.

Waziri aliuliza kama siku zilizoongezwa zinahesabika tangu amri itiwe saini au tangu ombi la kibali lipokelewe. Lilikuwa swali zuri, na rasimu haikulijibu. Tulikubaliana ziwe tangu kupokelewa kwa ombi, nikawapelekea wanasheria sentensi hiyo saa mbili usiku, na tangazo likasogezwa hadi watakapoirudisha.