Siku moja gereji: kuhamisha AC ya gari la zamani kutoka R12 kwenda R134a

Saa 2 asubuhi. Gari la 1989, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) nzima, ila AC inapuliza hewa ya moto. Mwenyewe anauliza, "Fundi, si unajaza gesi tu?"

"Hapana mzee, gesi ndiyo kazi ndogo. Kazi ni oili."

Gari hili lilitoka kiwandani na R12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliianzishia safari ya kuondolewa sokoni. Oili ya madini iliyozunguka nayo haichanganyiki na R134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Ukiiacha, inatuama pembeni huku kompresa ikijisaga kavu.

Saa 3. Mashine inanyonya R12 iliyobaki, inaingia mtungini. Wapo wanaoifungulia hewani. Sitaki hata kuwaona.

Saa 4 hadi saa 6. Kompresa iko chini. Naipindua juu ya chupa ya vipimo na kuzungusha ekseli yake kwa mkono mpaka tone la mwisho. Oili ni ya njano na safi, nashukuru. Ingekuwa nyeusi yenye chembe za chuma, tungetafuta kompresa nyingine. Kisha nasukutua kondensa (inayotoa joto nje, mbele ya gari), evapureta (inayopoza hewa ya ndani) na mabomba kwa dawa yake, nakausha kwa naitrojeni.

Saa 7. Nakula, fasta.

Saa 8. Oringi (mipira ya kuzuia kuvuja) mpya za kijani, kila moja nimeipaka oili kabla ya kuiweka. Oili yenyewe ni esta, ya kutengenezwa kiwandani. Wengine hupenda PAG, aina nyingine ya oili hiyo, lakini esta huvumilia zaidi mabaki ya oili ya zamani, na mabaki hayakosi. Draya mpya, mkebe wa kukausha unyevu ndani ya mfumo, naifungua mwisho kabisa, kwa sababu inanyonya unyevu hata wa hewani. Nafunga na adapta za R134a kwenye midomo ya kujazia.

Saa 9 alasiri. Pampu ya vakyum, dakika 45. Kwenye vakyum kali, maji yaliyojificha ndani huchemka bila moto na kutoka kama mvuke. Nafunga valvu za geji, naikodolea macho sindano. Imetulia: hakuna panapovuja.

Saa 10. Lebo inasema gramu 900 za R12. Sijazi 900, naweka kama 750, asilimia 80 na kitu, maana R134a ikizidi presha ya juu inapanda vibaya. Tena usidanganywe na kioo cha draya, kidirisha cha kutazamia gesi ikipita. Ukijaza mpaka mapovu yaishe kama enzi za R12, umeshapitiliza. Feni kubwa mbele ya kondensa, injini inaunguruma, kipimajoto kwenye tundu la hewa kinashuka hadi nyuzi 8.

Saa 11 jioni. Nabandika lebo mpya: aina ya gesi, aina ya oili, uzito. Fundi ajaye asibahatishe.

"Na kwenye foleni?" mwenyewe anauliza.

"Itapunguza baridi kidogo. Kondensa hii ni ya kizamani. Ikikukera, tutaweka ya kisasa yenye mikondo mingi."

"Ngoja kwanza nione," anasema, anapandisha vioo.