Kompyuta ya steshenari ilivyoanguka ikagoma kuwaka

Ilikuwa saa kumi jioni, msimu ule ambao wanafunzi hapa Morogoro wanajaa steshenari kuomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kuskani vyeti na kuchapa ripoti za fildi. Boksi la kompyuta, lile ambalo wengi tunaliita sipiyu, nilikuwa nimeliweka juu ya stuli ili maji ya kudekia yasilifikie. Mtoto wa mteja akapita mbio, mguu ukanasa kwenye waya, boksi likaenda chini kwa ubavu likiwa linafanya kazi. Skrini ikawa nyeusi papo hapo.

Mama yake alishika kichwa. Nikamwambia, "Mama, mtazame mtoto kwanza." Hakuwa ameumia, namshukuru Mungu. Ila pembeni alikaa binti mmoja ambaye ripoti yake nilikuwa naimalizia kuichapa, na kazi yote ya siku mbili ilikuwa ndani ya diski ya mashine ile. Hakusema neno, alibaki ananitazama tu.

Nikalisimamisha boksi, nikabonyeza kitufe. Feni ikajizungusha mara moja, kimya. Nikarudia, ikawa vilevile. Mkono ulitaka kubonyeza mara ya tatu, ya nne, ya kumi, na hapo ndipo tunapoziua mashine zetu. Nikachomoa waya ukutani, nikampigia fundi wangu, ambaye siku hiyo alikuwa Dar.

"Shikamoo kaka. Mashine imeanguka, feni inaanza halafu inakata."

"Marahaba dada, pole sana. Kama feni inaanza, umeme unafika. Huenda kuna kitu kinapiga shoti humo ndani, na power saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani, ikishahisi shoti inajizima yenyewe. Usiiwashe tena. Itikise taratibu, usikie."

Nikaitikisa. Kitu kikalia ndani, kama punje ya mahindi kwenye kopo.

Aliniongoza kwa simu, nami nilikuwa na bisibisi ya nyota na tochi. Kwanza akaniambia nishikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi waya ukiwa umechomolewa, ili umeme uliobaki uishe. Kisha nishike bati la boksi kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kitu chochote, kwa sababu mwili nao hubeba umeme wake, na cheche ndogo usiyoihisi kwenye kidole inatosha kuharibu chipu.

Nilipofungua ubavu niliiona: skrubu moja imejipenyeza chini ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kati yake na bati. Nyuma ya ubao ule pamejaa nukta za lehemu, na ndiyo maana unakaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba bila kugusana na bati. Skrubu ilikuwa imeziba nafasi hiyo. Nikaitoa kwa kibanio cha nyusi.

Ilitoka wapi? Nilipoiangalia diski nikapata jibu. Ilitakiwa ishikwe na skrubu nne, lakini fundi mwingine aliyeibadilisha mwaka jana aliweka mbili, na moja kati ya hizo ndiyo iliyochomoka. Hilo liliniuma kuliko kuanguka kwenyewe. Mtoto ni mtoto, lakini fundi amelipwa.

Nilitaka kuiwasha palepale. Kaka akasema, "Subiri, shika kipoza joto uone kama kinacheza." Ni lile pande la aluminiamu lenye feni juu yake, linalokaa juu ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta. Kumbe lina miguu minne ya plastiki inayopenya kwenye mazabodi, na mmoja ulikuwa umeng'oka. Pande lote limeinama upande kama kofia iliyovaliwa vibaya. Ningeiwasha hivyo, prosesa ingepata moto ndani ya muda mfupi. Prosesa za siku hizi hujizima zikizidiwa na joto, lakini huo si mtihani wa kuijaribia mashine inayokulisha. Nikakitoa chote. Pesti ya kupitisha joto iliyopakwa kati yake na prosesa ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Nikaifuta kwa pamba na spiriti, nikapaka mpya ya shilingi 5,000 kutoka duka la simu la jirani, tone dogo tu la ukubwa wa punje ya mchele. Kisha nikabana miguu kwa kupishanisha pembe, kila mmoja hadi ukalia "kap".

Sasa ikawaka na feni haikukata. Lakini picha hakuna, na ikaanza kupiga mlio mrefu, inanyamaza, inapiga tena. Sikuogopa kama mwanzo. Mashine inayolia ina uhai, inakuambia panapouma. Nikaizima, nikachomoa waya, nikatazama ramu, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ya muda, kwa tochi. Zilikuwa mbili, na moja imeinuka upande mmoja kama milimita mbili, kiasi ambacho ukitupa jicho harakaharaka hukioni. Nikazichomoa zote, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikapuliza vumbi, nikairudisha moja kwanza na kuiwasha. Picha ikaja. Nikaizima, nikaongeza ya pili. Picha ikaja tena.

Binti alisimama.

Kilichonitia hofu mpaka mwisho ni diski. Diski ya kuzunguka husomwa na kichwa kinachoelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo kuanguka ikiwa inazunguka ni hatari kuliko ikiwa imezimwa. Nilitega sikio karibu nayo. Ingekuwa inagonga tik-tik-tik ningeizima mara moja na kumwachia fundi. Ilikuwa inavuma sawasawa. Bado, kabla ya kuchapa hata ukurasa mmoja, nilihamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, nikianza na ya binti. Fundi aliporudi akaipima kwa programu ya afya ya diski, akakuta sehemu kadhaa zimeshaharibika. Tukaweka SSD, aina ya diski isiyo na kitu kinachozunguka, na safari hii nikahesabu skrubu mwenyewe.

Stuli nimeiondoa. Boksi linakaa juu ya matofali mawili kwenye kona ya ukuta, na waya zote nimezifunga chini ya meza, hakuna unaopita njiani.

Ripoti ya yule binti ilitoka saa tatu na nusu usiku, kurasa 46. Kesho yake yule mama alirudi na mtoto wake, akaulizia kama mashine imepona.