Ubao wa Msaji Kule Hartlepool

"Usitazame rangi," baba aliniambia usiku wa kuamkia safari. "Rangi kila mtu anapaka. Wewe shuka mpaka chini, ukanitazamie ngama."

Baba ni fundi wa majahazi Nungwi, kama alivyokuwa babu. Nilikuwa nimemweleza kwamba huko Uingereza, katika mji wa Hartlepool, ipo manowari ya matanga iliyoshuliwa mwaka 1817 na hadi leo inaelea. Hakunibishia. Aliguna tu, akaendelea kunoa tezo yake ya kuchongea mbao. Nilikuwa naenda kumtembelea dada yangu anayeishi Newcastle, basi nikamwahidi kwamba Hartlepool nitafika, na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, nitaiona.

Ilikuwa Machi. Dada alinifungia maandazi, akanitia chai ya tangawizi kwenye chupa, akanipandisha treni. Reli inafuata pwani. Ukishapita Sunderland, bahari inajitokeza mkono wa kushoto, ya rangi ya risasi, na kwa muda wote niliokaa dirishani sikuona hata tanga moja. Tukasimama Seaham, tukaondoka. Baridi ya huko inaingia kwenye meno.

Milingoti niliiona kabla ya kuuona mlango. Mitatu, mirefu, na kamba zake zimekaza kama nyuzi za gambusi. Nilipokaribia nikaona ubavu mweusi wenye mkanda mweupe, na pale omoni sanamu ya mtu aliyevaa kilemba. Nilisimama mbele ya kile kilemba kwa muda. Meli ya Waingereza, bandari ya Waingereza, na anayetangulia mbele ya wote ni mtu wa upande wetu wa bahari.

Jina lake ni Trincomalee, kwa jina la bandari ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Lakini haikuzaliwa huko wala Uingereza. Ilijengwa Bombay, India, mji uitwao leo Mumbai, na fundi wake mkuu alikuwa Mparsi, Mhindi wa asili ya Uajemi, aitwaye Jamsetjee Bomanjee Wadia. Huyu ndiye niliyekuja kumtafuta.

Kisa chake kinaanza na babu yake. Lowjee Nusserwanjee alikuwa seremala wa meli huko Surat. Mwaka 1736 Kampuni ya Waingereza ya Uhindi Mashariki ilimleta Bombay awajengee vyombo, na mwaka 1750 likakamilika gudi lao la kwanza, bwawa la mawe ambalo maji hutolewa ili meli ikae kavu mafundi wapate kulifikia tumbo lake. Ufundi ukabaki ndani ya nyumba. Jamsetjee hakuanza kama bwana mkubwa. Yeye na binamu yake Framjee walianza kama maseremala wa kawaida, kwa mshahara wa rupia 12 kwa mwezi. Hilo lilinigusa kuliko mizinga yote niliyoiona siku ile, kwa sababu ndivyo nilivyomwona babu akiwafanya wanawe: kwanza ufagie vumbi la mbao, kisha ushike keekee ya kutobolea, tezo baadaye sana.

Framjee alifariki mwaka 1804, Jamsetjee akabaki na mzigo wote. Na mzigo ulikuwa mkubwa, kwa sababu Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon na miti yake ya mwaloni ilikuwa inakwisha. Bombay ilikuwa na msaji kutoka misitu ya Malabar. Mwaka 1810 Jamsetjee akashua Minden, manowari ya mizinga 74, nayo ndiyo meli kubwa ya mstari wa vita ya kwanza ambayo jeshi la wanamaji la Uingereza lilijengewa nje ya nchi yake. Ikafuata Cornwallis mwaka 1813, ambamo miaka 29 baadaye Wachina na Waingereza walitia saini mkataba wa Nanking. Ikafuata Wellesley mwaka 1815, na hiyo iliishi mpaka ikapigwa na mabomu ya ndege za Wajerumani mwaka 1940. Fikiria chombo cha tezo na keekee kinazamishwa na ndege.

Trincomalee yenyewe ilichelewa. Michoro yake ilitumwa Bombay ndani ya manowari Java, na Desemba 1812 Java ikakutana na Constitution ya Wamarekani karibu na pwani ya Brazil, ikashindwa, ikachomwa, na michoro ikapotea nayo. Ikabidi itumwe mingine. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, ukalazwa Aprili 1816, na kwa desturi ya Waparsi ukagongwa msumari wa fedha ili chombo kipate heri. Nilipolisoma hilo nilikumbuka dua na ubani wetu siku ya kulaza mkuku, na watoto tulivyokuwa tukisubiri halua. Oktoba 12, 1817 ikashuliwa. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma. Ilipofika Portsmouth Aprili 1819 haikupelekwa popote, ilifungwa bandarini, na ikakaa hivyo mpaka miaka ya 1840.

Nilipanda juu. Sitaki kusema mengi kuhusu mizinga, ipo, imepangwa, watoto wanapenda kupiga picha nayo. Mimi nilitafuta mahali ambapo mbao zilikuwa wazi, na chini ya sitaha nikazipata. Niliweka kiganja. Msaji wa zamani hauko kama ubao mwingine: ni mzito kwa macho, na umelainika kama kipini cha jembe la mzee. Nikajaribu kupitisha ukucha mahali mbao mbili zilipokutana. Haukuingia. Nikasogea hatua tatu, nikajaribu tena. Haukuingia. Mwaloni una tindikali inayokula misumari ya chuma, lakini msaji una mafuta yake, unakitunza chuma badala ya kukila. Baba angeniambia hayo bila kitabu. Meli hii ililetwa Hartlepool mwaka 1987, ikakarabatiwa hapo kwa miaka mingi hadi 2001, na bado sehemu kubwa ya mbao zake ni zile zile alizozichagua Jamsetjee.

Kuna jambo husimuliwa juu ya Jamsetjee. Wanasema mwaka 1800, ndani kabisa ya mbao za meli moja aliyoijenga, mahali pasipofikiwa na jicho, alichonga kwamba chombo hicho kimejengwa na mtu mweusi aliyelaaniwa. Ni tusi lile lile alilokuwa akitupiwa, akalirudisha kwa patasi. Maneno yakaonekana baada ya miaka mingi meli ilipofunguliwa. Mimi naliamini, kwa sababu naijua subira ya mafundi. Leo jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich, London, lina picha yake ya rangi, ameshika bikari na mchoro wa meli.

Na sisi wa Unguja tuna fungu letu katika nyumba hiyo ya kina Wadia. Jamsetjee alifariki mwaka 1821, mwanawe Nowrojee akashika nafasi, na mwaka 1826 Bombay ikamshulia Sayyid Said manowari ya mizinga 74 iitwayo Liverpool. Mwaka 1836 Sayyid akamzawadia mfalme William wa Nne, na Waingereza wakaibadilisha jina ikawa Imaum. Iliishia Jamaica, ikavunjwa huko. Meli ya bwana wetu mbao zake zilikwenda kuoza Karibea, na ya Jamsetjee niliyokuwa nimeikanyaga ilikuwa imara.

Nikashuka ngazi ya mwisho. Huko chini unainama, kuna nusu giza na harufu ya lami. Wahenga wa baharini walisema tezi na omo marejeo ngamani, na kweli hapo ndipo nilipofikia. Nikapiga simu ya video. Nungwi ilikuwa alasiri, nyuma ya baba kulikuwa na mchanga mweupe na mtu akikalafati, akiziba nyufa za mbao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko ngamani?"

"Niko."

"Nionyeshe mataruma, mbavu zake."

Nikawasha tochi, nikapitisha simu polepole juu ya mbao zile, taruma baada ya taruma. Hakusema kitu. Mafundi wengine wakasogea nyuma yake, mmoja bado ameshika nyundo ya kalafati, vichwa vinne vikajaa kwenye kioo.

"Fundi wake nani?"

"Jamsetjee. Mparsi wa Bombay. Alijifunza kwa babu yake na baba yake."

"Ehee," alisema, na nikamwona akitikisa kichwa taratibu. "Sogeza simu. Sogeza tena, pale kwenye kiungo. Hapo hapo, usitikise mkono."

Wageni waliokuwa wakishuka ngazi walinipita. Niliendelea kuinama na simu mkononi mpaka aliporidhika.