Mwanangu amekanyaga mchanga wa Shela

Jana saa nne asubuhi mwanangu amekanyaga mchanga wa pwani ya Shela, hapa kisiwani Lamu, miguu mitupu. Yote miwili, hatua saba, nimezihesabu. Najua kwa mtu wa Lamu hiyo si habari, watoto wa huku wanajifunza kutembea mchangani, lakini wangu ana miaka 6, amezaliwa Bristol, Uingereza, na mchanga ukimgusa analia kama mtu alokanyaga chupa. Nimekaa na furaha hii tangu jana sijui niipeleke wapi, ndo nawaandikia nyinyi wenzangu mlio ughaibuni mnalea watoto kama huyu.

Kwa wasojua, kuna watoto ambao sauti, mguso, ladha na harufu zinawaingia kwa nguvu kuliko sisi. Si kudeka jamani. Wengine wana usonji, yaani autism (tangu 2013 jambo hili limo kwenye vigezo vya usonji wanavotumia madaktari wa Marekani, hapo kabla halikuwemo), wengine hawana, na wangu bado tuko kwenye foleni ya kupimwa. Kule Bristol tukiingia choo cha supamaketi ile mashine ya kukausha mikono ikiwaka tu anajitupa chini. Shati lazima nikate tegi, soksi namvisha ndani nje kwa sababu ya ule mshono wa vidoleni, kucha nilikuwa namkata akiwa amelala, na chakula ni vitu vitano sita tu, vyote vyeupe. Mama mmoja Mswahili mwenzetu aliwahi kuniambia mbele ya watu ati mtoto hana adabu, nikaenda kulia garini.

Na kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kila wiki mtu anatuma, mtoto kahifadhi juzuu, mtoto kawa wa kwanza darasani, mashaallah, na mi nawafurahia kwa dhati, lakini ya kwangu nilikuwa siyatumi. Ningetuma nini? Leo amekatwa kucha akiwa macho? Leo amevaa soksi mpaka saa sita? Niliyaandika kwenye daftari usiku peke yangu, tarehe na jambo lenyewe, basi.

Safari niliiogopa mno. Tulisafiri na ule utepe wa kijani wa kuvaa shingoni wenye maua ya alizeti, ulioanzia uwanja wa Gatwick mwaka 2016, wafanyakazi wakiuona wanajua hapa kuna mtu ana hali isoonekana kwa macho. Uingereza kwenye viwanja vya ndege wanautoa bure, kama hujachukua chukua. Wangu hataki kitu shingoni, nikauvaa mimi, na inakubalika. Tukashuka uwanja wa ndege wa Manda, boti ya kuvukia mjini mashini yake ikanguruma, akavaa hedifoni zake akajikunja mapajani kwangu mpaka gatini.

Alafu tukaingia nyumba ya mama. Wale mnaozijua nyumba za kale za mtaa wa Mkomani mnajua kuta zake, mawe ya matumbawe, unene wake mtu ananyoosha mkono. Ukifunga mlango wa daka, kile kibaraza cha kuingilia, kelele za njiani zinabaki nje, punda akilia unamskia kwa mbali kama yuko mtaa wa pili. Mwanangu akavua hedifoni mwenyewe. Akaviona zidaka vya ukutani, vile vishubaka vya kuwekea vitu, akatoa vigari vyake kwenye begi akavipanga kimoja kimoja kila kidaka, akarudi nyuma akavitazama. Saa nzima hakusema kitu na hakulia. Miaka hii yote nanunua mahema na taa za rangi nimtengenezee kona ya utulivu, na kona yenyewe ndo ile niliyozaliwa mimi.

Siku ya pili akala mkate wa kumimina. Kipande kidogo, akakibonyeza kwanza kwa kidole, akakinusa, akala. Ilikuwa zaidi ya nusu mwaka hajakubali chakula kipya, nami nilikuwa nimewaelezea kwa simu mambo yake yote, kwa hivo mama na shangazi na majirani wawili waliokuwa uani walijua uzito wake, wakapiga vigelegele. Kwa mapenzi kabisa. Mtoto akaziba masikio akakimbilia ndani chini ya kitanda, akatoka magharibi imeshapita, na mkate wa kumimina hakuuangalia tena siku nne.

Mama hakulala usiku ule. Sikumlaumu, manake mi mwenyewe nishawahi kumpigia makofi ya furaha mtoto mpaka akatapika. Terapisti wake aliniambia hili zamani, kwamba kwa mtoto kama huyu sherehe yenyewe inaweza kuwa adhabu, anajifunza kwamba nikijaribu kitu kipya watu watalipuka, basi bora nisijaribu. Nilimwambia mama. Akanyamaza sana, alafu akasema, "Basi tutafurahi na sahani."

Yaani tangu siku hio mtoto akifanya jambo mama hasemi neno, anaingia jikoni. Anapika visheti au mahamri, anafunika sahani kwa kitambaa, anapeleka kwa majirani. Wao wanauliza leo kuna nini, anawaambia kwa sauti ya chini, amekubali kukandwa miguu kwa mafuta ya nazi. (Anamkanda kwa nguvu, kama mtoto mchanga, na kweli mguso wa nguvu ndo unaomtuliza, ule wa juu juu ndo unaomchoma.) Mtaa mzima wanajua habari za mwanangu na hakuna anaempigia kelele. Tukipita wananitazama mimi, wanatabasamu. Kuna mzee alishauri apewe kombe, yale maji ya kunywa yalooshewa aya za Kurani, mama akamjibu kwa heshima kwamba dua tunapokea zote, ila zisomwe polepole.

Sasa mchanga. Mi nilikuwa nimeshakata tamaa, tulienda Shela mara mbili akabaki amebebwa. Ami yangu ni mvuvi, akaniuliza mlienda saa ngapi, nikamwambia jioni. Akasema mlikosea, wakati ule maji yalikuwa yamejaa, mlimpeleka kwenye mchanga mkavu ule unaoingia vidoleni, ngojeni bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, maji yakipwa asubuhi ule wa chini unakuwa mgumu kama sakafu, na baridi. Mimi mtoto wa Lamu sikuliwaza hilo hata siku moja!

Akatuchukua kwa mashua ya tanga, haina mashini, mtoto akapenda ule mbembeo mpaka akacheka. Tulipofika mi nikataka kumshika mkono, mama akanizuia, akasema kwa Kiamu chake, "Muate. Atakuya mwenyewe," yaani muache, atakuja. Tukakaa. Robo saa nzima, nilikuwa namuomba Mungu kimoyomoyo. Akateremsha mguu mmoja kutoka kwenye mashua, akaurudisha. Akauteremsha tena. Alafu wa pili. Akasimama anaangalia vidole vyake, akatembea saba, akageuka akanitazama kama ananiuliza umeona? Nikaitikia kwa kichwa tu, machozi yananitoka na sauti haitoki, ami akajifanya anakunja tanga.

Mama aliporudi alipika visheti sahani kumi na moja. Nilimsaidia kuzipeleka. Usiku nikatuma picha ya zile nyayo kwenye grupu ya familia, mara ya kwanza, sikuandika maelezo marefu, tarehe tu na jambo lenyewe kama daftarini.

Leo asubuhi ameamka akamfuata ami yangu jikoni akamuuliza maji yatakupwa saa ngapi. Akaambiwa leo yatachelewa kidogo, kama saa tano kasoro dakika kumi. Nawaachia hapa, ashakaa dakani anavua viatu.