Supachaja niliifunga kwa siku mbili, petroli ikanihangaisha wiki tatu

Boti yangu ya mbio ina injini moja ya petroli, V8 ya lita 7.4 yenye nozeli. Tatizo lilikuwa pale tunapokuwa watu wanne na tangi limejaa: omo inainuka, tezi inazama, na boti inachelewa mno kupanda juu ya maji. Nikaamua kuifunga supachaja, kifaa cha kuishindilia injini hewa ili itoe nguvu zaidi, ile ya feni inayokaa mbele ya injini na kuzungushwa na mkanda kutoka puli ya kranki.

Nilichagua shinikizo dogo la hewa, psi 5 (psi ni kipimo cha presha). Gari likishashika kasi kwenye barabara tambarare injini hupumua, lakini boti maji yanaivuta muda wote, kama gari linalopanda mlima usiokwisha. Mwenye tamaa ya shinikizo kubwa huishia kutoboa pistoni.

Kabla ya kulegeza nati hata moja nilipima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kujenga. Silinda zote 8 zilisoma kati ya psi 150 na 160. Kama moja ingekuwa chini sana, ningeiacha kazi hapohapo.

Kufunga chenyewe hakukuwa kugumu, isipokuwa kulinganisha puli. Zikipishana hata milimita 2, mkanda unapiga kelele na kumwaga unga mweusi, kwa hiyo nilikaa nusu siku na rula ya chuma nikiongeza na kupunguza washa. Plagi nikaweka za baridi zaidi kwa hatua moja, mwanya milimita 0.9, na taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, ikarudishwa nyuma ili mafuta yasigonge (yasilipuke ovyo ndani ya silinda). Kipoza hewa inayotoka kwenye supachaja kinatumia maji ya nje, yanayopita kwanza kwenye chujio lake. Wavu wa kuzuia moto niliurudisha kwenye mdomo wa hewa, na hapo sitaki mjadala: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, na injini ikikohoa moto mara moja tu boti inaweza kulipuka.

Siku ya majaribio rafiki yangu alishika usukani, mimi macho kwenye geji. Hadi mizunguko 3,500 kwa dakika kila kitu kilikuwa kizuri. Ilipofika 4,200, geji ya mchanganyiko, inayoonyesha sehemu ngapi za hewa kwa sehemu moja ya petroli, ikapanda kutoka 11.8 hadi 13.2, yaani petroli imepungua mno wakati silinda zimeshindiliwa. Nikapiga kelele, "Punguza!" Akapunguza. Sekunde chache zaidi zingetosha kuniharibia injini.

Presha ya petroli ilipaswa kuwa psi 43 na kupanda pamoja na ya supachaja hadi 48. Badala yake ilishuka hadi 36. Nikabadilisha chujio, haikusaidia. Nikabadilisha pampu, hela nyingi, matokeo yaleyale. Wiki mbili zikapita hivyo. Mwishowe nikaunga mpira kutoka kwenye dumu la petroli moja kwa moja hadi kwenye pampu, nikalipita tangi. Presha ikasimama 48 bila kutikisika! Basi injini haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kule nyuma.

Kwenye mdomo wa tangi kuna vali ndogo yenye gololi na springi. Kazi yake ni kuzuia petroli isijivute yenyewe na kumwagika kwenye ngama mpira ukipasuka. Ile yangu ilikuwa na tundu jembamba lililoitosha injini ya zamani. Baadhi ya watu huing'oa kabisa na kuitupa, nami nawasihi wasifanye hivyo. Nilitafuta ya aina hiyohiyo yenye tundu pana zaidi, pamoja na mpira mnene kidogo, na tatizo likaisha siku hiyo.

Iliyobaki ilikuwa propela. Ile ya pichi ya inchi 21 (pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) sasa ilikuwa nyepesi mno, injini ikavuka kikomo cha mizunguko 5,000 kabla sijamaliza mkono wa resi. Ya inchi 23 ikairudisha hadi karibu 4,900. Sasa na watu wanne boti inapanda juu ya maji bila kusuasua.

Geji ya mchanganyiko sikuiondoa. Nimeihamishia kando ya usukani, mahali ninapoiona bila kugeuza shingo.